Skafu yangu iko kwenye friza la samaki

Julai hii Njombe haina huruma. Jumapili asubuhi nyasi za mbele ya nyumba zilikuwa nyeupe kwa sakitu, nami nikaenda moja kwa moja sandukuni kuchukua ile skafu ya kijivu. Nikaikung'uta, nikaiinua dirishani, na mwanga ukapenya kwenye matundu mawili, kila moja kama punje ya choroko. Nikakaa kitandani nimeishika kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

Hii ni ya tatu. Mnaonifahamu mnajua historia yangu na skafu.

Ya kwanza niliipata gulioni, siku bero limefunguliwa. Ilikuwa kwenye fungu la buku tatu, imelaliwa na soksi na kofia za watoto. Nilipoigusa tu vidole vikagoma kuiachia. Lebo ilisema kashmiri asilimia 100, imetengenezwa Scotland. Sikujua kashmiri ndiyo nini. "Chukua hiyo dada, ya Ulaya, haichuji," akasema muuzaji, na hakudanganya. Haikuchuja. Niliyeiua ni mimi.

Niliifua kama ninavyofua kanga: maji ya moto, sabuni ya unga, sugua, kamua kwa nguvu zote, tundika juani kwa vibanio. Jioni nikaanua kitu kigumu, kifupi, kinene kama zulia la mlangoni. Mama alikuwa amekuja kunitembelea. Akakigeuza, akakigeuza tena, akaniambia, "Mwanangu, hii hukuifua. Umeipika." Leo kinafunika chupa ya chai, na kwa kazi hiyo sina malalamiko nacho.

Kosa langu nililielewa baadaye, siku nafumua nywele zilizokaa wiki tano bila chanuo. Nilikuwa naifua skafu kama kitambaa, kumbe ni nywele. Mbuzi wa kashmiri ana manyoya magumu ya nje, na chini yake huota malaika, yaani vinyweleo laini vya kumkinga na baridi. Wanafugwa penye baridi kwelikweli: China na Mongolia ndiko inakotoka sehemu kubwa, na kule Ladakh, India, Wachangpa huhama na mifugo yao kwenye nyanda zilizo juu ya mita 4,000. Majira ya baridi yakiisha, malaika hayo huanza kuachia yenyewe, na mfugaji humshika mbuzi akamchana kwa chanuo la meno marefu. Yakishachambuliwa, mbuzi mmoja hutoa kama gramu 150 hadi 200 tu kwa mwaka. Hii ya kijivu niliipima kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 170. Mbuzi mzima, mwaka mzima, shingoni mwangu. Na kwetu mbuzi ni supu!

Unywele mmoja kwa wastani hauzidi maikroni 19 kwa unene (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu). Wa kwetu kichwani huweza kufika 70 na zaidi. Na kila unywele una magamba madogomadogo. Maji ya moto na kusugua huyafanya yang'ang'aniane, nywele zikasokotana rasta, na rasta hazifumuki. Juu ya hapo, sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, yaani protini. Unywele nao ni protini. Nilikuwa nimeilisha skafu yangu kwa sabuni.

Ya pili niifupishe, maana inauma mfukoni. Kariakoo, shilingi elfu 45, "pashmina halisi", yaani nayo ya kashmiri. Nilipofika nyumbani nikachomoa uzi mmoja pembeni, nikauchoma. Ukanuka karatasi. Nywele zikiungua zinanuka nywele, harufu ambayo kila aliyewahi kupitishiwa chanuo la moto anaijua, na jivu lake hupukutika vidoleni. Nailoni na jamaa zake huyeyuka zikaacha kijipira kigumu. Karatasi maana yake viskosi, inayotokana na miti. Neno pashmina lina asili ya Kiajemi, pashm, yaani sufu, lakini huku kwetu kila mtandio mpana ni pashmina, hata wa elfu tano. Kwa hiyo yule kijana simlaumu sana kwa jina. Kwa "halisi" namlaumu.

Hii ya tatu nilirudi gulioni nikiwa na akili. Niliikunjua yote, nikaitazama dhidi ya jua kama imefumwa kwa kubana, nikaisugua kwa kiganja kuona kama itatoa manyoya (ikitoa mengi hapohapo, nyuzi zake ni fupi na itajaa vijipira mapema). Elfu nane. Nimeifua mara mbili tu kwa mwaka mzima: maji vuguvugu, shampuu ya mtoto, nabonyeza bila kusugua, naizungusha ndani ya taulo ili taulo linywe maji, kisha nailaza kivulini juu ya meza. Kamba haijui. Vijipira vya pale mkoba unapogusa naviondoa kwa kitana.

Kisha nikafanya uzembe. Machi joto lilipozidi nikaikunja nikaiweka sandukuni bila kuifua, ina jasho na mafuta yangu ya nywele. Nondo wa nguo huvutwa na hivyo hivyo. Na wala si wale wanaogongana kwenye taa. Huyu hukwepa mwanga, hujificha kwenye mikunjo na kutaga, na anayekula ni kiwavi wake. Karafuu nilizotia kwenye kitambaa hazikumtisha hata kidogo.

Dawa ni baridi kali, na friza sina. Nikaifunga kwenye mifuko miwili ya nailoni nikaipeleka kwa jirani anayeuza samaki. Ikae wiki mbili.

"Mwalimu, kwani inaoza?" akaniuliza.

Nikamweleza habari za viwavi. Akanitazama, akasogeza vibua, akaipa kona. Nguo nyingine zote za sandukuni nimezitoa juani, sanduku nimelifuta hadi kwenye bawaba, na nimepata uzi wa kijivu unaokaribiana na wa skafu ili nizibe yale matundu ikitoka.

Jana umeme ulikatika kuanzia saa tisa hadi usiku. Nilipita kumuuliza. Akaapa friza halikufunguliwa, ila Ijumaa sato wanaingia na anaihitaji ile kona. Nimemwomba hadi Jumatatu. Shingoni nimevaa pashmina yangu ya karatasi.