Springi ya valvu imekatika? Hedi iache pale ilipo

Kila fundi niliyemuuliza hapa Nakuru alikuwa na jibu lile lile: toa hedi (kipande cha juu ya silinda kinachobeba valvu), ipelekwe skimu uso wake ukasawazishwe, nunua topu gasketi ya kuikalisha, na kwa kuwa umeshafika huko ndani, badilisha ringi za pistoni pia. Springi moja imekatika, tiba iwe kupasua injini nzima! Pikapu yenyewe ni Datsun 1200, injini ya A12, ya roka na fito: fito husukuma roka, nayo roka hufungua valvu. Hedi haikutoka, topu gasketi ni ile ile ya zamani, na wala maji ya rejeta sikuyamwaga.

Kwanza dalili, kwa sababu zinadanganya. Gari likisimama, injini inatetemeka kidogo tu. Ukilipandisha Mau Summit na mzigo wa viazi, nguvu inakata na kabureta inapiga chafya. Hapo utauziwa plagi, kisha kondensa, kisha kabureta ifunguliwe ioshwe. Kupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, nako hakusaidii sana: stata huzungusha injini polepole, na springi iliyokatika bado inaweza kuifunga valvu kwa mwendo huo. Hushindwa mizunguko ikipanda. Chomoa waya za plagi moja moja injini ikinguruma, kwa koleo lenye mpira. Silinda ambayo ukiichomolea waya injini haibadiliki ndiyo yenye shida. Halafu fungua kifuniko cha tapeti, kile kinachofunika roka, umulike.

Usitarajie kukuta vipande vimelala ovyo. Mara nyingi vipande viwili hujisokota kimoja ndani ya kingine, kwa hiyo unachoona ni springi fupi kuliko jirani zake. Mkato wa hii yangu ulikuwa na rangi mbili: kona moja ya kahawia, pale kutu ilipoanzisha ufa, na sehemu iliyobaki ikimeta. Gari likikaa muda mrefu bila kuwashwa, unyevu hula springi kwenye mabaki ya oili kuukuu.

Sasa, springi ndiyo inayoibeba valvu. Ukitoa koleti mbili zinazofunga kofia ya springi, valvu inaweza kudondoka ndani ya silinda, na hapo hedi itatoka upende usipende. Lazima kitu kiishikilie kutoka chini.

Wajanja wachache waliokubali kwamba hedi inaweza kubaki walisema tutumie upepo. Unatengeneza kiunganishi kutokana na plagi kuukuu, kompresa ya fundi wa pancha inajaza silinda, valvu inakaa juu. Wazo si baya, ila piga hesabu. Pistoni ya A12 ina kipenyo cha milimita 73. Upepo wa PSI 100 unaikandamiza kwa msukumo wa karibu kilo 290. Pistoni isipokuwa juu kabisa, juu kweli kweli, injini itazunguka. Dawa yao ilikuwa kuingiza gia ya nne. Basi silinda ikashiba, breki ya mkono ikashindwa, na gari likaruka mbele shubiri nzima bila ufunguo wala dereva. Mzee wa pancha aliyekuwa ameegemea bampa alinitazama kama mimi ndiye niliyelituma. Pistoni ilikuwa imeshuka hadi chini, mahali pabaya kuliko pote kwa valvu isiyo na koleti. Bahati koleti zilikuwa bado hazijaguswa. Na hata ukilenga vizuri, ringi zilizochoka huvujisha upepo, kwa hiyo kompresa lazima iendelee kukimbia. Stima ikipotea katikati ya kazi, utajua hujui.

Kilichofanya kazi ni kamba ya nailoni ya kuanikia nguo. Unene wa milimita 6 hadi 8, urefu wa kama mita mbili, mpya na safi. Ya katani usiguse, itaacha nyuzi kwenye silinda. Ncha ichome kwa kiberiti isifumuke, iache ipoe.

Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa spana. Legeza shafti ya roka kidogo kidogo, boliti hii kisha ile, ndipo uitoe. Shafti ikishatoka valvu zote zimefungwa, kwa hiyo usihangaike kutafuta ni mpigo upi. Fito zichomeke kwenye kadibodi yenye matundu manane yaliyoandikwa namba, kila moja irudi kwake. Ziviringishe juu ya kioo pia, inayorukaruka imepinda.

Zungusha krenki, shafti kuu ya injini, hadi pistoni ishuke kama nusu ya njia. Sindikiza kamba kupitia tundu la plagi mpaka mita moja na nusu hivi iwe ndani. Mkia ubaki nje na fundo kubwa, usije ukamezwa. Sasa pandisha pistoni taratibu kwa spana. Utahisi inalainika, inakaza, kisha inagoma. Hapo hapo acha, usilazimishe. Kamba imejibana chini ya valvu zote mbili, na haijali stima. Ingiza gia ya nne na weka mawe nyuma ya magurudumu, maana ukikandamiza springi, pistoni itataka kurudi chini.

Kabla ya kukandamiza chochote, ziba matundu ya fito na njia za oili kwa vitambaa, yote, hata ya silinda ambayo huigusi. Koleti ikiingia kwenye tundu la fito itaishia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kesi ni nyingine.

Kifaa cha kukandamizia nilichongewa na jamaa wa jua kali kwa bei ya soda na mandazi, tuseme hivyo. Ni bapa la chuma la sentimita 45 hivi, lenye dirisha linalokaa juu ya kofia ya springi na kuacha nafasi ya vidole. Ncha yake inashikwa na boliti ndefu yenye washa, iliyofungwa kwenye tundu la boliti ya shafti ya roka. Hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo boliti iingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, la sivyo utang'oa uzi. Koleti zikiwa zimeng'ang'ania, weka soketi juu ya kofia na uigonge mara moja kwa nyundo ndogo. Mwenzako akandamize bapa, wewe uzitoe kwa sumaku. Yangu ilitoka kwenye spika ya redio mbovu.

Ukiwa hapo badilisha sili ya valvu. Tikisa valvu pembeni: ikicheza sana, gaidi yake (bomba ambamo valvu hupanda na kushuka) imeisha, na kwa hilo hedi itatoka kwa haki. Springi mpya isimamishe kando ya nzima iliyotoka silinda hiyo hiyo. Ya zamani ikiwa fupi waziwazi, nunua zote nane. Ziliagizwa Kirinyaga Road, Nairobi, zikaja na matatu, na nauli iliuma kuliko bei. Upande wenye mizunguko iliyobanana hukaa chini, kwenye hedi.

Kurudisha ni kinyume chake, ila koleti zipakwe grisi zisianguke. Kamba ikiwa bado ndani, gonga ncha ya valvu kidogo kwa nyundo ya plastiki huku uso ukiwa kando. Koleti isiyokaa sawa iruke sasa, si barabarani. Kisha rudisha krenki nyuma kidogo, uvute kamba.

Legeza skrubu zote za tapeti kabla ya kufunga shafti, usipinde fito. Silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye kompresheni, pima nafasi kati ya roka na valvu ya 1, 2, 3 na 5. Zungusha krenki mzunguko mmoja, pima ya 4, 6, 7 na 8. Injini baridi ni milimita 0.25, ikiwa moto 0.35, ingizo na ekzosi sawa. Kipimo cha baridi ni cha kuwashia tu. Washa dakika chache bila kifuniko uone kila roka inatokwa na oili. Injini ikishika moto, pima upya kwa 0.35.

Baada ya kilomita mia chache fungua tena kifuniko. Boliti za shafti huwa zimelegea kidogo, na tapeti ya springi mpya mara nyingi inahitaji kuguswa.