Mechi ya 25

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, robo ya ukurasa. Juu yake niliandika jina la nahodha wetu na namba moja: 24. Niliikunja mara mbili, nikashuka nayo ngazi mpaka chumba cha makocha, nikamkabidhi kocha mkuu mkononi bila kusema neno. Aliisoma, akanitazama kitambo, akaitia mfukoni. Jumamosi iliyofuata nahodha alianzia benchi.

Nilikuwa ofisa wa mikataba katika klabu iliyokuwa imeshuka daraja msimu uliotangulia. Baada ya kushuka, bodi ilimleta mtendaji mkuu mpya, mama mmoja aliyekuwa mhasibu kwa miaka mingi kabla ya kuingia kwenye soka. Kitu cha kwanza alichokiulizia kilikuwa ufunguo wa kabati la mikataba.

“Nisomee yote,” aliniambia. “Kila mchezaji niandikie ukurasa mmoja. Analipwa nini, mpaka lini, na humu ndani kuna kitu gani kinachoweza kutuua.”

Nilisoma usiku tisa mfululizo. Tulikuwa na wachezaji 31, na watano kati yao walichukua zaidi ya nusu ya mishahara yote. Hakuna hata mmoja kati ya hao watano ambaye mkataba wake ulikuwa na kifungu cha kupunguza mshahara timu ikishuka daraja. Fedha za televisheni zilikuwa zimeporomoka, mdhamini alikuwa ameomba kupunguza mchango wake, na viingilio vilikuwa vimeshuka, lakini mishahara ilibaki pale pale. Sunderland ya Uingereza iliwahi kupita njia hiyo hiyo. Iliposhuka mwaka 2017 ilibaki na kiungo Jack Rodwell, aliyesajiliwa mwaka 2014 kwa mkataba wa miaka mitano usio na kifungu hicho. Watu walimzomea kijana wa watu. Mwaka 2018 timu ikashuka tena, ndipo wakaachana kwa makubaliano. Mimi sijawahi kuona kosa lake. Mtu alipewa kalamu, akasaini alichoandikiwa.

Mkataba wa nahodha niliujua kabla sijaufungua, kwa sababu niliuchapa mwenyewe. Ulisainiwa siku mbili kabla dirisha la usajili halijafungwa, naye akiwa na miaka 31, ametoka kwenye msimu bora kuliko yote aliyowahi kucheza. Wakala wake alitaka miaka mitano, ambayo ndiyo mwisho wa urefu wa mkataba kwa kanuni za FIFA. Viongozi wa wakati ule walitaka mitatu. Klabu nyingine ilikuwa inapiga simu kila saa, mashabiki walikuwa wamejaa getini, na saa tano usiku wakakutana kwenye minne, pamoja na kifungu kimoja cha kumaliza ubishi: nahodha akianza mechi 25 za ligi katika msimu wa tatu, mwaka wa tano unaongezeka wenyewe, kwa mshahara ule ule. Mtu mmoja mezani alisema kwamba kiungo wa umri huo akianza mechi 25, hiyo itakuwa baraka. Tulikubali kwa vichwa. Nami nilikubali, nikachapa.

Mikataba mibaya huzaliwa hivyo. Sijawahi kuona mtu akisaini mkataba anaouona mbaya. Husainiwa usiku, kwa haraka, na watu wenye nia njema walioshikwa na hofu ya kumkosa mchezaji, na anayekuja kuulipa si yule aliyekuwa chumbani.

Halafu kuna ubaya mwingine ambao mashabiki hawauoni, nao uko vitabuni. Tulikuwa na beki wa kati aliyenunuliwa kwa ada kubwa, mkataba wa miaka minne. Wahasibu huigawa ada hiyo katika miaka ya mkataba, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja robo tatu ya ada bado imeandikwa kwenye hesabu kama thamani yake. Ukimuuza kwa chini ya hapo, vitabu vinaonyesha hasara. Viongozi waliotutangulia walikataa ofa mbili za haki ili hasara isionekane kwenye mkutano mkuu, wakaendelea kumlipa mshahara mkubwa mtu ambaye kocha hakumhitaji. Hasara iliyofichwa kwenye karatasi ikatoka kila mwezi kupitia benki.

Kwenye vikao wale watano walipewa jina moja: mizigo. Watatu kati yao walitolewa kwenye mazoezi ya kikosi. Walipangiwa saa moja asubuhi, uwanja wa nyuma, wakikimbia na kocha mmoja wa viungo, na makabati yao yakahamishwa kutoka chumba cha kubadilishia nguo. Nia ilikuwa wachoke, waombe kuondoka, wasamehe fedha zao. Niliandika waraka kueleza kwamba tangu mwaka 2018 kanuni za FIFA zinasema wazi: klabu ikimnyanyasa mchezaji ili avunje mkataba au akubali kupunguziwa masharti, mchezaji anakuwa na sababu halali ya kuuvunja, na fidia ni juu ya klabu. Waraka uliwekwa pembeni. Nami sikuupigania vya kutosha. Kila asubuhi nilipoegesha gari niliwaona watatu wale wakizunguka uwanja, na nikajizoeza kutazama upande mwingine.

Kwa nahodha njia hiyo haikuwezekana, kwani timu ilimhitaji. Alicheza kwenye matope, alicheza na kifundo cha mguu kikiwa kimefungwa bandeji. Tulikuwa tunapigania kubaki katika daraja lile, maana kushuka mara mbili mfululizo kungetuzika. Mechi nne zikiwa zimebaki, alikuwa ameanza 24. Mwenyekiti wa bodi alinipigia simu akasema kocha anapaswa kujua. Hakuniambia neno zaidi, na hakuhitaji.

Mechi ya kwanza bila yeye tulifungwa nyumbani. Ya pili tulitoka sare. Jumatatu baada ya mazoezi nikasikia hodi.

“Kaka, una nafasi kidogo?”

“Karibu, nahodha.”

Aliketi, akaweka bahasha mezani, akanisukumia. Ndani kulikuwa na barua ya mwanasheria wake, imepigwa chapa safi, sehemu ya tarehe imeachwa wazi. Nilijua inasema nini kabla ya kufika aya ya pili. Tulikuwa tunadaiwa mishahara ya miezi miwili na wachezaji wote. Kwa kanuni, mchezaji ambaye hajalipwa miezi miwili anaweza kuiandikia klabu na kuipa siku 15. Zikipita bila malipo, anauvunja mkataba akiwa na haki yake yote. Kwa kuwa alikuwa ametoka nchi nyingine, shauri lake lingekwenda FIFA moja kwa moja. Angeweza kudai malimbikizo, pamoja na thamani ya mwaka mzima uliobaki. Na klabu isipolipa ndani ya siku 45 baada ya kuamriwa, inafungiwa kusajili, mpaka madirisha matatu. Unajengaje timu upya ukiwa umefungiwa kusajili?

“Mwanasheria ameiandika wiki iliyopita,” alisema. “Mimi ndiye sijaituma.”

Sikuwa na la kujibu.

“Halafu ile karatasi, kocha alinionyesha. Hakutaka kunidanganya. Mwandiko ni wako.”

“Ni wangu.”

“Nimekaa wiki mbili nikisubiri uje mwenyewe kuniambia. Mkataba uliniandikia wewe. Nilidhani utakuja.”

Nimewahi kutukanwa na mawakala, nimewahi kurushiwa faili. Hakuna kilichonichoma kama sauti ile ya chini isiyo na hasira. Nilimwomba radhi, bila kumtaja mwenyekiti wala simu yake, kwa sababu aliyeandika ni mimi. Alinyamaza, kisha akasema yuko tayari kukifuta kifungu cha mwaka wa tano. Alikwisha kuona mwisho wake unakuja. Alitaka kumaliza akiwa uwanjani na kuanza kozi ya ukocha. Ila alikuwa na sharti moja, na halikuhusu fedha.

“Wale watatu warudi chumbani kwetu. Kesho. Mimi ni nahodha wao. Siwezi kuvaa kitambaa hiki huku wenzangu wanabadilishia nguo kwenye stoo ya mipira.”

Nilipanda ngazi mbili mbili mpaka kwa mtendaji mkuu. Aliisoma ile barua mara mbili, akavua miwani.

“Na sisi tumekuwa tukimwita mzigo mtu anayetudai,” alisema.

Usiku ule hakuna aliyekwenda nyumbani mapema. Wakala wa nahodha alikuwa kwenye simu, akipinga, na alikuwa na haki ya kupinga. Kazi yake ni kulinda mapato ya mteja wake. Mwenyekiti alipigiwa na akapandisha sauti, akisema kifungu kimekwisha kudhibitiwa, wa nini kujadili tena. Mama yule alimjibu kwa hesabu tupu. Alimsomea gharama ya kushindwa shauri, gharama ya kufungiwa, na gharama ya kushuka tena. Kisha akamtajia Borussia Dortmund. Alikuwa akiitaja mara nyingi: klabu iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1997, ikatumia fedha isizokuwa nazo, na mwaka 2005 ikawa ukingoni mwa kufilisika. Wachezaji wake walikubali kukatwa asilimia 20 ya mishahara. Mwaka 2008 akaja Jürgen Klopp, wakachezesha vijana, na mwaka 2011 na 2012 wakawa mabingwa wa Ujerumani. “Wachezaji walikubali kukatwa kwa sababu waliambiwa ukweli,” alisema. “Mimi sijamwambia ukweli mchezaji hata mmoja hapa.”

Tulifika makubaliano saa saba usiku. Kifungu cha mwaka wa tano kilifutwa. Mshahara wa mwaka uliobaki ulipunguzwa hadi nusu, na juu yake akawekewa posho kwa kila mechi atakayoanza. Malimbikizo yangelipwa kwa awamu nne, tarehe zimeandikwa, na awamu moja ikichelewa mkataba wa zamani unarudi kama ulivyokuwa, pamoja na kile kifungu. Hilo la mwisho nilipendekeza mimi. Mwanasheria wetu alishtuka, lakini niliona kwamba mtu anayesamehe kiasi kile anastahili kushikilia kitu mkononi. Nilichapa nyongeza ile polepole, nikisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kuuendea mwingine. Nahodha akasaini, akaichukua ile barua ya mwanasheria na kuirudisha ndani ya koti lake. Hakuichana, nami sikumlaumu.

Asubuhi nilisaidiana na mtunza vifaa kurudisha makabati ya wale watatu. Tulimaliza kabla timu haijafika.

Mikataba yao ilitugharimu muda zaidi, ila hadithi zake ni fupi. Winga alikwenda kwa mkopo, sisi tukilipa nusu ya mshahara, na huko akafufuka. Beki wa kati tulimuuza, vitabu vikaonyesha hasara, na mtendaji mkuu akasimama mkutano mkuu akaieleza hasara hiyo kwa dakika kumi. Mshambuliaji alikataa kila pendekezo. Alisema mkataba wake unaisha mwaka ujao, atakuja mazoezini kila siku mpaka siku ya mwisho, na ndivyo alivyofanya, bila kuchelewa hata mara moja. Tulimlipa chote. Katika ile asubuhi ya uwanja wa nyuma alikuwa amepoteza imani nasi, na hapakuwa na nyongeza ya mkataba ambayo ingeweza kuirudisha.

Fedha zilizookolewa kwa nahodha na beki zilitosha kuwapa mikataba ya kwanza ya kulipwa vijana wanne wa timu ya pili. Nilikaa na kila mmoja na mzazi wake. Kila mkataba ulikuwa na kifungu cha kushuka daraja na cha kupanda, na niliwaeleza vyote viwili kabla hawajashika kalamu.

Mechi ya 25 ya nahodha ilikuwa ya ugenini. Nilisafiri na timu, jambo ambalo sikuwa nalifanya. Orodha ya kikosi ilipobandikwa, jina lake lilikuwa la kwanza katika safu ya kati, na mmoja wa wale watatu, winga, alikuwa benchi. Tulipata sare ya bila kufungana. Haikuwa mechi ya kukumbukwa. Nahodha alipoteza mipira kadhaa kipindi cha kwanza, mguu ukionekana wazi kumsumbua, kisha akatulia na kutoka dakika ya 78. Pointi ile, na tatu za mechi ya mwisho, zilitubakisha.

Tarehe za awamu zile nne niliziandika kwa wino mwekundu ndani ya mlango wa kabati la chuma. Ya kwanza tulilipa kwa viingilio vya mechi ya mwisho. Ya pili na ya tatu zilitoka kwenye mauzo ya beki. Ya nne ilitukuta hatuna kitu. Mdhamini alikuwa amechelewesha, na kwa siku sita nilishinda benki na kwenye simu. Fedha iliingia kwenye akaunti ya nahodha siku moja kabla ya tarehe, saa tisa alasiri. Simu yangu ililia baada ya dakika chache.

“Kaka,” alisema, “mmewahi.”