Uani kwa Mamdogo: kumbukumbu ya mradi wangu wa picha za nyumbani

Mei

Bibi ana sanduku la mbao chini ya kitanda, na humo ndimo zilimo picha zote za ukoo wetu zilizosalimika. Nilimwomba ruhusa nikazitoa moja moja. Harusi, harusi, Idi, mtoto wa arobaini, babu kavaa koti na mkono kauweka juu ya meza ya duara, harusi tena. Nyingi zilipigwa studio, zina muhuri mgongoni. Sikuona hata moja yenye jiko. Hakuna anayefua wala anayekuna nazi, na uani hapaonekani kabisa, ingawa bibi ameishi uani zaidi ya alivyoishi sebuleni.

Sababu yake inaeleweka. Pwani yetu imelelewa na studio. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa, N. V. Parekh alianza yake mwaka 1942, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor tangu miaka ya 1960. Watu walikwenda kwao wamevaa wakapendeza, wakaonekana walivyotaka kuonekana, na kazi zile nazipenda mno. Ila filamu ilikuwa ya kununua na kusafishwa kwa pesa. Nani angeitumia kwa mtu anayeosha sufuria?

Sasa gharama hiyo haipo, na bado simu zetu zimejaa harusi. Ndiyo maana nimeanza mradi huu: nyumba moja tu, ya mamdogo wangu, Ngamiani, Tanga, kwa mwaka mzima. Napiga kazi za kila siku zinazofanya nyumba iitwe nyumba. Natumia kamera moja na lenzi moja ya milimita 35, na taa ya kamera siiwashi. Lenzi hiyo inanilazimu nikae karibu na watu, kwenye kigoda kama wao, na mtu aliyekaa kigoda hupewa kazi. Nimeshachambua mchele mwingi.

Mei, mwishoni

Masharti aliyatoa mamdogo mwenyewe kabla sijafungua mkoba.

"Mwanangu, humu ndani tunakaa vichwa wazi. Picha ya kichwa wazi haitoki humu."

"Haitatoka, mamdogo."

"Wala kwenye simu isiingie. Ikiingia kwenye simu, ishafika kwenye magrupu."

Basi kila usiku nagawa picha mafungu mawili, *za ndani* na *za nje*, na mamdogo ndiye anayesema ipi iende wapi. Za ndani zinakaa kwenye diski yake, kabatini kwake. Mtoto wa kike wa darasa la sita naye ana sharti lake: akiinua kiganja, kamera inashuka, bila kuuliza kwa nini. Jirani akipiga hodi, kamera inafunikwa kwanza, ndipo anakaribishwa. Baba mdogo, ambaye ni fundi cherehani na anashonea barazani, amesema mikono yake nipige nitakavyo, lakini uso mpaka awe amemaliza nguo ya mteja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na taarifa zinazohusu watoto inaziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Naiheshimu. Lakini hata isingekuwepo, anayeingia mpaka uani kwa watu ana deni kwao, na mpigapicha zaidi.

Juni

Mwezi huu karibu wote nimeusoma mwanga, na nimeufurahia kuliko nilivyotegemea.

Nyumba ni ile tunayoijua sote: korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa mbele unatokea barazani, wa nyuma unatokea uani kwenye jiko, bomba na choo. Baraza inaangalia magharibi. Kwa hiyo asubuhi jua linaingia korido kwa mlango wa nyuma, alasiri linaingia kwa mlango wa mbele, na saa sita mchana korido ni giza lenye mdomo wa mwanga kila upande. Mtu akipita humo na ndoo kichwani wakati wa asubuhi unampata akiwa kivuli kitupu chenye ukingo wa mwanga begani. Akifika karibu na mlango wa chumba ulio wazi, uso unajitokeza kwa sekunde moja. Hapo ndipo pa kusubiri. Napima mwanga wa ukuta wa mbavuni, nauacha mlango wa nyuma uungue kidogo, yaani utoke mweupe mno pichani, basi.

Uani kuna jambo ambalo wenyeji wanalijua kwa miguu tu. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la mchana linasimama upande wa kaskazini, na Desemba linahamia kusini. Ukuta wa kaskazini wa mita 2 saa hizi unatoa kivuli cha kama mita moja wakati wa adhuhuri, na mkeka wa kusukia nywele unatandikwa palepale. Nilipomuuliza bibi kuhusu Desemba, akanionyesha kwa kidole ukuta wa pili bila hata kufikiri: "Tunahamia kule." Nitakuwepo Desemba. Nataka picha mbili za mkeka uleule, kichwa kilekile kikisukwa, kila moja na ukuta wake.

Na jioni huku kwetu haingoji mtu. Jua likizama, giza halichukui hata nusu saa kutanda. Anayetaka ule mwanga mwororo wa barazani awe ameshakaa.

Julai

Vitumbua. Mamdogo anauza vitumbua kabla ya watoto kwenda shule, na pesa hiyo ndiyo inayolipa madaftari, kwa hiyo kama kuna kazi moja inayostahili kupigwa humu ndani ni hii.

Mchele unalowekwa jana yake, unasagwa, unatiwa tui, hamira na iliki, unafunikwa kwa kawa usiku kucha. Alfajiri, kabla ya adhana, mamdogo anafunua na kusikiliza. Kweli anasikiliza: anainamisha sikio kwenye sufuria, kwa kuwa unga ulioumuka vizuri una sauti ya mapovu madogo. Picha hiyo ninayo, na kwangu ndiyo bora ya mradi mpaka sasa. Ni ya kundi la ndani. Haitaonekana na mtu mwingine, na thamani yake haipungui kwa hilo.

Kisha chuma cha vishimo saba juu ya makaa. Mafuta kidogo kila kishimo, upawa mmoja wa unga, pembeni panaanza kukauka na kupata rangi, kijiti kinaingia ubavuni na kitumbua kinageuka chenyewe kwa mkunjo mmoja wa kifundo cha mkono. Huo mkunjo ndio niliokuwa nikiuwinda. Kwa kasi ya shata ya 1/50, yaani kamera ikifunguka kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, mkono unaacha ukungu na vitumbua vimetulia, na hivyo ndivyo jicho linavyouona pale jikoni. Kuna sababu nyingine ya kukaa hapo: balbu za LED za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50, na shata ya haraka sana inaweza kuleta mistari myeusi kwenye picha. 1/50 au 1/100 inaiondoa. Wanaopiga ndani kwa balbu watanishukuru.

Rangi naziacha. Wengi wanaofanya picha za aina hii hukimbilia nyeusi na nyeupe, na zinapendeza, lakini makaa ni mekundu, balbu inatoa weupe wa baridi, ndoo ni ya kijani na leso ya mamdogo ina njano. Ukizifuta rangi hizo umeifuta nyumba.

Agosti

Nimechapisha picha za mwanzo, ndogo, sentimita 10 kwa 15, nikazitandaza kwenye mkeka baada ya chakula cha usiku. Nilitaka wazipange wao. Baba mdogo alipitisha picha ya mikono yake akiweka uzi kwenye sindano, akaitazama kwa muda mrefu, akasema baba yake alikuwa akishika uzi vivyo hivyo, kwa kidole cha mwisho. Hilo halikuwa limeandikwa popote. Sasa limo kwenye daftari, mbele ya namba ya picha, kwa maneno yake mwenyewe. Tangu siku hiyo kila picha ina maelezo ya mtu aliyemo, na mimi naongeza tarehe na chumba tu.

Bibi alizikataa picha za kuvutia zaidi, za korido na ukingo wa mwanga. "Hapa ni nani? Sioni mtu." Alichagua ya bomba likitiririka na madumu yamepangwa foleni, kwa sababu anajua kila dumu ni la nani. Nimekubali, na kwenye mpangilio wa mwisho ile ya madumu inatangulia.

Utunzaji: unyevu wa bahari unaleta ukungu ndani ya lenzi, kwa hiyo kamera inalala kwenye boksi linalofungwa vizuri pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu. Faili za nje zina nakala tatu, na moja iko kwa kaka yangu Muheza, moto au mafuriko yasije yakachukua zote. Picha za sanduku la bibi nimeanza kuzinakili kivulini, kamera ikiwa sambamba na picha, mbele na mgongoni, maana mihuri ya studio nayo ni historia.

Septemba naanza kazi za watoto: mabuku ya shule, ufagio, kutumwa dukani. Yule wa darasa la sita ameomba kamera siku za Jumapili ili apige yeye, na mamdogo ameridhia kwa masharti yaleyale.