Makutani, ng'ambo ya Mkokotoni

Nilifika Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, maji yameshatoka. Sisi tuliokulia mjini tunaamini saa ya mkononi, bahari haiitambui. Boti zimelala ubavu mchangani na hakuna wa kunivusha kisiwani Tumbatu mpaka maji yarudi. Nikakaa kivulini na vitumbua vyangu, saa tatu nzima.

Jongowe, kusini mwa kisiwa, nilipita kwanza kwa sheha, kisha mzee mmoja mvuvi akakubali kunifikisha Makutani, kwenye mji wa kale. Njiani nikamwambia, bila shaka watu wa kale walikuwa wakikutana huko, ndiyo maana pakaitwa Makutani. Akacheka hata akasimama.

"Wakutane wapi, mwanangu? Kuta hizo! Makuta, makutani."

Nikaona haya. Kilwa Kisiwani nako kuna Makutani, na nako ni magofu, wala sikuwahi kujiuliza.

Kuta zimetawanyika maweni, nyingine zimekumbatiwa na mizizi hata hujui kipi kinamshika mwenzake. Msikiti wao mkubwa uko ukingoni mwa bahari, mihrabu yake inaelekea kaskazini, iliko Makka. Mawe ya kuta yalitoka papa hapa ardhini, yakashikwa kwa chokaa ya kuchoma. Lakini palipotakiwa nakshi, fundi alikwenda kukata matumbawe baharini, akayachonga yakiwa bado mabichi na laini, kwani yakishakauka yanakuwa magumu. Mimi nilipitisha kidole tu, nikatoka na chumvi.

Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliandika kwamba watu wa Unguja wamehamia Tumbatu, na kwamba wakaazi wake ni Waislamu. Kwa hiyo Baghdad na Sham walikuwa na habari za kisiwa hiki, ambacho leo rafiki zangu wa mjini wanakijua kwa samaki na kwa sifa za manahodha wake. Karne ya 14 ikaja, mji ukahamwa.

Nikamwuliza mzee: wenyewe wakiuitaje, basi? Maana hakuna anayejenga nyumba, akahamia na watoto, kisha akaiita magofu. Jina hili wamelitia waliokuja kuzikuta kuta.

Hakunijibu. Aliinama akaokota kigae cha chungu, akakigeuza huku na huku, akakirudisha pale pale alipokitoa.

"Twende," akasema, "maji yanaanza kutoka."