Siku yangu moja na spana za Land Rover ya 1955

Kazi yangu hapa Mtwara ni kufufua vifaa vilivyokuja na magari ya zamani: jeki, spana, hendeli ya kuwashia injini. Wapita njia wengi hudhani nanunua chuma chakavu, na siwalaumu, maana lundo lililoko barazani linafanana nacho kabisa.

Saa 12:30 asubuhi nachomoa chaja ya betri na kufunua ndoo. Spana saba zimelala humo usiku kucha katika maji ya magadi, zikiwa zimefungwa kwenye waya wa hasi, na kipande cha nondo kwenye waya wa chanya. Ukizigeuza nyaya hizo, spana ndiyo italiwa na nondo itasalimika. Kutu iliyokuwa nyekundu imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi. Grainda ingemaliza kazi hii kwa dakika chache, lakini ingefuta pia maandishi ya kiwanda, na bila maandishi hayo hiki ni chuma tu.

Hadi saa 4:00 nasugua, nakausha na kupaka mafuta haraka, kwa sababu upepo wa bahari huirudisha kutu kabla ya adhuhuri.

Ndipo anapofika mwenye gari. Namwamkia, anaitikia marahaba huku akitoa mfukoni rula ya mjukuu wake. Anapima mdomo wa spana iliyoandikwa 1/4 W, anapata milimita 13 na ushee, kisha ananitazama kama mwizi.

"Fundi, robo inchi ni milimita sita. Umenibadilishia spana."

Namweleza kwamba katika vipimo vya Whitworth vya Uingereza namba hiyo hutaja unene wa boliti, si upana wa kichwa chake. Hakubali. Nalala chini ya gari, naingiza spana kwenye nati, inakaa sawasawa bila kucheza. Bado anasema huenda nati nayo ilibadilishwa. Tunapima nati nne. Ya tano anaipima mwenyewe, ananyamaza, halafu anauliza kwa nini spana hazing'ai kama za dukani. Saa nzima na nusu imepotea, na chai yangu imepoa.

Mchana ni wa jeki. Chini ya rangi nyekundu ya fundi fulani wa zamani nimekuta kijivu, na chini ya kijivu, kwenye kona ambayo grisi ilikauka, nyeusi ya awali. Naziba meno ya skrubu kwa karatasi na selotepu, kwa kuwa rangi ikiingia humo jeki hukwama, kisha napaka praima. Umeme unakatika, kompresa inanyamaza, kwa hiyo nyeusi naipaka kwa brashi, taratibu, mgongo ukiuma.

Jua limeshazama ninapoitundika. Mzee anapiga simu: je, haiwezi kuwa nyekundu? Namjibu kwamba haiwezi. Mbu amenata kwenye rangi mbichi. Namwacha akauke, nitamtoa kesho kwa msasa.