Laurenti Shemasi: wavu wa chuma na maskini wa Roma

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Ukitaja Mtakatifu Laurenti, wengi wanakumbuka wavu wa chuma. Inasemekana alilazwa juu ya makaa, akawaambia waliomchoma, "Nigeuzeni, upande huu umeshaiva." Wapishi wakamchukua awe msimamizi wao, na wachoraji hadi leo humshikisha ule wavu.

Je, ndivyo ilivyokuwa? Tuanze na yaliyo na ushahidi wa karibu. Mwaka 258 Kaisari Valeriano aliagiza maaskofu, mapadre na mashemasi wauawe mara moja. Habari hiyo tunayo katika barua ya Askofu Sipriani wa Karthago, ambaye naye alikatwa kichwa Septemba mwaka huohuo. Anaandika kwamba Papa Sixtus wa Pili aliuawa makaburini tarehe 6 Agosti pamoja na mashemasi wanne. Laurenti, shemasi wa Roma, akafuata siku nne baadaye: kalenda ya mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani, ya mwaka 354, inamweka tarehe 10 Agosti, kwenye barabara ya Tiburtina huko Roma.

Moto tunausikia baadaye. Papa Damaso, aliyefariki mwaka 384, anautaja katika shairi, na yale maneno ya kugeuzwa yamo katika maandishi ya Askofu Ambrosi wa Milano, zaidi ya miaka 100 baada ya kifo chenyewe. Agizo la kuua papo hapo haliendani na kumbanika mtu taratibu. Wanahistoria wengi wanautilia shaka ule wavu, nami niko upande wao.

Kuna simulizi ya pili: alipodaiwa hazina za Kanisa, Laurenti aliwakusanya maskini akasema, "Hizi hapa." Nayo imetoka kwa Ambrosi huyohuyo, basi haki ni kuipima kwa mizani ileile. Ila hii ina shahidi wa pembeni. Katika barua ya mwaka 251, iliyohifadhiwa na Eusebi, mwandishi wa kale wa historia ya Kanisa, Papa Kornelio anahesabu watu wa Kanisa la Roma: mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliokuwa wakilishwa. (Wagawe kwa mashemasi saba uone mzigo wenyewe.) Maneno ya Laurenti mbele ya waliomdai hazina siwezi kuyaapia. Lakini wale maskini walikuwapo, na kuwahudumia ilikuwa kazi ya mashemasi miaka saba tu kabla hajauawa.

Inanisikitisha kwamba tumeshika kichekesho cha makaa, tukawasahau wajane. Liturujia haikuwasahau. Katika sikukuu yake somo la kwanza ni 2 Wakorintho 9:6-10, ambapo Paulo anawahimiza Wakorintho watoe mchango kwa ajili ya waamini maskini wa Yerusalemu, kila mtu kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa.