Rial Saba na Geti Lililofungwa

Arusi ya mpwa wangu ilifana. Wali ulikuwa wa nyama ya kondoo, halua ikazungushwa mpaka watu wakaikimbia, na hapo ndipo ninapoiacha arusi. Ninayotaka kuyasimulia ni ya bustani.

Nilitoka Tanga mwezi wa Aprili, masika yameshakolea. Kwetu Makorora njia zilikuwa tope tupu, na nguo za safari nilizifungasha zingali na unyevu. Basi hadi Dar, ndege usiku, na asubuhi nikachungulia dirishani nikaona Muscat, mji mkuu wa Oman, kwenye arusi. Milima mikavu ya rangi ya kahawia, mmoja nyuma ya mwingine, jani hata moja hakuna. Nikajiuliza, hawa wenzetu wanapungia wapi upepo?

Jibu nililipata arusini: bustanini, baada ya alasiri. Mpwa wangu, ambaye siku hizo alikuwa na mengine ya kufikiria, alinielekeza juu juu tu. "Mjomba, nenda Qurum. Ndiyo bustani kubwa hapa mjini, na kiingilio hakuna." La kiingilio ndilo lililoniinua kitini. Rial moja ya Oman inapita shilingi 6,000 za kwetu, na kila nilipoingiza mkono mfukoni nilipiga hesabu hiyo mpaka kichwa kikauma. Laini ya simu peke yake ilinitoa jasho.

Dereva wa teksi nilimuuliza habari ya mita, akacheka. Akataka rial saba. Nikamtajia tatu, akatia gia kama anayeondoka, nami nikapanda. Ni zaidi ya shilingi 40,000 kwenda kukaa chini ya mti! Tukafika katikati ya safari, akazima kiyoyozi. Nilipomtazama, akafungua dirisha, upepo ukaingia wa moto kama mvuke wa chungu cha mchele kinapofunuliwa.

Nikashushwa getini saa sita mchana. Geti limefungwa kwa mnyororo. Mlinzi aliyekuwa kibandani hakujisumbua kutoka. Alininyooshea vidole vinne, na vinne vya kwao ni saa kumi yetu ya jioni. Teksi ilikwisha geuza, imekwenda.

Simu ilisema nyuzi 38. Nje ya ukuta kulikuwa na mwarobaini mmoja, si mkubwa, nikajisogeza shinani. Paka alikuwa ameshawahi nafasi nzuri na hakuniachia. Kivuli kikisogea nasi tunasogea, mimi na paka. Kwetu mwarobaini ni mti wa kuchumwa majani mtu akiugua homa, au wa kufungia mbuzi. Hapo niliutazama kwa jicho jingine kabisa. Baadaye njaa ikanisukuma mpaka kwenye mgahawa, nikaagiza juisi ya embe. Rial moja na nusu. Kwa fedha hiyo, msimu wa maembe ukiwa juu, ningeletewa tenga mpaka mlangoni na muuzaji akaniombea dua.

Saa kumi mnyororo ukafunguliwa, na sikuamini. Nyasi! Nyasi fupi, laini, za kijani kibichi, zimeenea mpaka kwenye ziwa walilolichimba wenyewe, na katikati ya ziwa maji yanarushwa juu. Kuna sehemu ya mawaridi pia, lakini wakati wa mawaridi ulikuwa unakwisha, yamesinyaa. Watu walikuwa wakiingia na mikeka, chupa za chai na kahawa, vyungu vimefungwa kwa vitambaa. Familia za Kihindi, Wabaluchi, Wamisri, na wafanyakazi wa Bangladesh waliokaa peke yao wakipiga simu za video nyumbani. Wakifika kwenye nyasi kila mtu anavua viatu, hata watoto hawaambiwi.

Nami nimevua vyangu, nimejinyoosha, ndipo nikasikia nyuma yangu: "We! Teremka huko! Ukivunjika mguu mamako atan'kata maneno mimi!"

Nikageuka. Bibi amevaa baibui, anamtishia kwa kandambili mjukuu aliyening'inia mtini. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akajibu marahaba bila kunitazama, kisha mkono wenye kandambili ukasimama hewani.

"Nani huyo anen'shikamoo hapa?"

Muscat ina Waomani wengi wa namna yake, waliozaliwa Unguja, Pemba na mwambao wetu. Sultani Qaboos aliposhika utawala Julai 1970 aliwaita Waomani waliotawanyika nje warudi, na wa Zanzibar wengi walikuwa wamekwishatimuliwa na yale ya 1964. Huyu bibi ni wa Wete, alifika 1973. "Hapa ulipokaa palikuwa changarawe na mbuzi," akaniambia, akinimiminia kahawa kabla sijaulizwa kama naitaka. Alipojua natoka Tanga hakuuliza habari ya mji wala ya watu. Aliuliza kama machungwa ya Muheza bado ni matamu, na kama mvua imenyesha. Nikamwambia inanyesha mpaka tumechoka. Akanitazama kwa hasira kidogo. "Usiseme hivyo, mwanangu. Hapa mwaka mzima haifiki milimita mia."

Tanga inapita elfu moja. Sikulitamka hilo.

Nikamuuliza basi nyasi hizi zinanyweshwa nini. Akamwita mtunza bustani kwa Kiarabu, kijana wa Bangladesh aliyejifunga kitambaa kichwani, akamwambia anionyeshe. Kijana alichutama chini ya mti, akafukua kidogo kwa vidole, akainua mpira mweusi mwembamba. Una kitundu kisichoingia sindano nene. Tone likajikusanya, likaning'inia, likadondoka penye shina. Likafuata jingine. Kila mti una kitundu chake, na maji hayaendi pengine popote. Akapitisha kidole penye kitundu akiondoa chumvi iliyoganda, akafukia tena, akaupigapiga udongo kwa kiganja kama anayemlaza mtoto.

"Maji yenyewe," bibi akasema, "yatoka vyooni."

Nikavuta miguu kutoka kwenye nyasi. Bibi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Akanifafanulia kwamba maji ya kunywa mengi ya Muscat ni ya bahari, yanatolewa chumvi mitamboni kwa gharama kubwa, kwa hiyo hayawezi kupewa majani. Maji machafu ya majumbani yanasafishwa, kisha ndiyo yanayopelekwa kwenye bustani na miti ya kando ya barabara. Nikamuuliza kama hayo ni twahara. "Mti hauna udhu," akanijibu, na akaendelea kumenya chungwa.

Hata hivyo si kwamba anaipenda bustani yote. Nyasi anaziona ni fahari ya bure, zanywa kuliko watu. Alinionyesha mti wa ghaf, mti wa jangwani wa huko huko, ambao mizizi yake huchimba makumi ya mita kutafuta maji, akasema wangepanda huo mmoja tu pande zote, wakaacha kujitia Ulaya. Mimi nilikuwa nimejilaza juu ya hizo nyasi, sikuwa upande wake.

Tulikaa mpaka baada ya magharibi, taa zikawaka na watu wakazidi kuingia. Alinisimulia kimbunga Gonu cha Juni 2007, maji ya wadi, mabonde makavu ya mito, yalivyoshuka kutoka milimani na Qurum ikawa maji matupu, magari yakaelea. Akanisimulia marehemu mumewe, mtu wa upande wa Nizwa, aliyeoa akiwa na fungu lake la maji ya falaji. Falaji ni mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya milima kwa mteremko tu, bila pampu, na kijiji kinagawana kwa muda. Fungu moja waliita athar, kama nusu saa hivi. Zamani waliipima mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, na usiku kwa nyota. Nusu saa hiyo mtu anairithi, anaikodisha, anaiuza. "Wenzio walioa kwa ng'ombe," akasema, "mimi n'liolewa kwa nusu saa."

Ijumaa mpwa wangu alijitoa kwenye fungate akanipeleka Nizwa, kuiona Falaji Daris, mojawapo ya tano zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Pembeni wameweka bustani ndogo. Watoto walikuwa wametumbukiza miguu mferejini, nami nikatumbukiza yangu. Maji ni vuguvugu, yanakwenda kwa haraka bila kelele. Kuhusu bei ya chakula cha mchana pale Nizwa mjini nimeamua kusamehe.

Kabla sijaondoka Muscat nilirudi Qurum kuitazama mikoko iliyo upande wa baharini, imezungushiwa uzio kama mali ya benki. Ni mchu tu! Mchu huu huu wa kwetu, ule unaokatwa kuchomea chokaa, mizizi yake ya pumzi imechomoza topeni vilevile.

Tangu nimerudi nakwenda Bustani ya Jamhuri jioni, pale juu ya bandari, kisiwa cha Toten mbele ya macho. Upepo wa bahari hauna dereva wa kuuzima. Hakuna anayemwagilia, na miti inanenepa. Maji yetu yanatoka Mto Zigi, unaoanzia huko misitu ya Amani ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, yanakingwa bwawa la Mabayani, yanatufikia. Bustanini nakuta chupa za plastiki, na kijana anaosha bodaboda kivulini kwa ndoo nne. Simsemi kitu. Nahesabu tu ndoo, kichwani nageuza kuwa nusu saa.

Nyumbani tuna mwembe mkubwa kando ya barabara. Kaka yangu alitaka tuukate tujenge fremu tatu za duka, na hata mwenye msumeno alishalipwa nusu. Tumejadiliana kwa ukali, mama akaingilia. Zimejengwa mbili. Mpangaji wa kwanza ni muuza chipsi, na kwa hela ya kodi ya miezi sita ya kwanza bado anatusumbua, lakini benchi la wateja ameshaliweka chini ya mwembe, na hilo tunamdai kando.